Mkono unatafuta wapi? Vibao vya milango na bango la orodha katika jengo la ofisi

Asiyeona akifika kwenye mlango wa ofisi asiyoizoea, mkono wake unakwenda ukutani, pale ambapo vibao vya milango iliyopita vilikuwa. Kama vilikuwa upande wa kitasa, usawa wa kifua, atapapasa hapo. Kibao kikiwa juu ya fremu, au kimebandikwa katikati ya mlango wenyewe, au mlango huu kimewekwa kulia na ule kushoto, kwake hakipo, hata kama nukta nundu zake, yaani breli, ni safi kabisa. Wenye majengo wengi huagiza vibao kwanza, wakaanza kuulizana pa kuviweka siku fundi anapofika na drili. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo naanzia ukutani, nyenzo zitafuata.

Vipimo vingi ninavyotaja ni vya viwango vya mwaka 2010 vya ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, kwa sababu viko wazi hadi milimita na mtu yeyote anaweza kuvipima kwa tepu ya fundi. Msingi wa kisheria kwetu upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unadai katika ibara ya 9 kwamba majengo yaliyo wazi kwa umma yawe na alama za nukta nundu na maandishi yaliyo rahisi kusoma na kueleweka. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kufika mahali pote na kupata habari, na Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Lakini mkataba na katiba havimwambii fundi atoboe ukuta usawa gani. Kanuni za ujenzi za nchi yako zikitoa kipimo tofauti na hiki, fuata hizo.

Ukutani, upande wa kitasa

Mstari wa chini wa maandishi ya kupapasa yaliyo chini kabisa kwenye kibao, nukta nundu zikiwemo, usipungue milimita 1220 kutoka sakafuni. Mstari wa chini wa yale yaliyo juu kabisa usizidi milimita 1525. Pima hadi kwenye maandishi, si hadi ukingo wa kibao. Ukipima ukingo, kibao kidogo na kikubwa vitalingana kwa macho ilhali maandishi yake yako usawa tofauti. Chagua kipimo kimoja ndani ya nafasi hiyo, mathalani nukta nundu zote ziwe milimita 1350, ukiandike kwenye mchoro, na jengo zima likifuate.

Kibao kikae ukutani upande wa kitasa, kamwe si upande wa bawaba. Mlango wa mabawa mawili ambao bawa moja tu ndilo linalofunguliwa, kibao hukaa kwenye bawa lililofungwa. Yakifunguliwa yote mawili, kibao huwa kwenye ukuta wa kulia. Kama hakuna ukuta upande wa kitasa, nenda kwenye ukuta wa karibu unaopakana nao. Kuweka kibao kwenye mlango wenyewe kunakubalika pale tu mlango unaposukumwa, unajifunga wenyewe na hauna kishikio cha kuuacha wazi. Hata hapo, mimi ningekwepa, kwa sababu mtu anayetoka ndani kwa haraka hajui kuna vidole vinasoma upande wa pili.

Mbele ya kibao kunatakiwa nafasi tupu ya sakafu ya milimita 455 kwa 455, nje ya mzunguko wa mlango unapofunguka hadi nyuzi 45. Anayesoma kwa vidole husimama karibu na ukuta kabisa, uso wake ukiwa sentimita chache kutoka kwenye kibao. Benchi la wanaosubiri, chungu cha maua na mtungi wa maji ya kunywa ndivyo vitu vinavyoiba nafasi hiyo wiki ya kwanza baada ya jengo kufunguliwa. Kifaa cha kadi ya kufungulia mlango nacho hugombea ukuta uleule, kwa hiyo kipangwe pamoja na kibao kabla fundi umeme hajachimba.

Maneno yanayofanana mwanzo

Kiswahili kina tatizo ambalo miongozo ya Kiingereza haiwezi kukuonya. WANAWAKE na WANAUME ni maneno yanayolingana kwa herufi nne za mwanzo, na tofauti inaanza kwenye ya tano. Anayesoma kwa kidole analazimika kupita W-A-N-A kila mara kabla ya kujua yuko mlango gani. Mwenye uoni hafifu akitazama kutoka mwisho wa korido anaona maumbo mawili ya urefu unaokaribiana. Kufupisha kwa W na M kunazidisha balaa: W inaanza maneno yote mawili, na M inaweza kuwa mwanamke au mwanamume. KE na ME, ambavyo kila aliyewahi kujaza fomu anavijua, vinatofautiana kuanzia herufi ya kwanza. Ningeweka picha juu, katika nafasi yake isiyopungua urefu wa milimita 150 na isiyoingiliwa na maandishi, kisha KE au ME kwa herufi za kunyanyuka, kisha nukta nundu, na neno kamili la kusomwa kwa macho.

Tatizo hilohilo liko kwa MASHARIKI na MAGHARIBI, KASKAZINI na KUSINI, KUINGIA na KUTOKA. Jengo lenye mabawa mawili liyaite A na B. Hakuna anayepotea kati ya A na B, na mlinzi anaweza kumwelekeza mtu kwa simu bila kurudia.

Kwenye milango ya ofisi, tenganisha kile kinachodumu na kile kinachobadilika. Namba ya chumba hudumu, kwa hiyo ndiyo ipewe herufi za kunyanyuka na nukta nundu. Jina la idara au la afisa hubadilika, kwa hiyo likae kwenye mfereji wa chini unaopokea kipande cha kuchomoa. Usipofanya hivyo, idara ikihama mtu hubandika karatasi kwa selotepu juu ya kibao kizima, na nukta nundu huzikwa chini yake.

Herufi na nukta

Herufi za kupapasa ziwe kubwa zote, zisizo na vijimkia kwenye ncha, zisizolala wala kupambwa. Kimo chake ni kati ya milimita 16 na 51, zikinyanyuka angalau milimita 0.8 juu ya uso wa kibao. Unene wa mstari wa herufi usizidi asilimia 15 ya kimo chake. Wabunifu hupenda herufi nene kwa sababu zinaonekana imara, lakini kwa kidole tundu la A na la R hujifunga, ikabaki nundu tu. Kati ya herufi na herufi iachwe angalau milimita 3.2, na milimita 9.5 kati ya maandishi na fremu yoyote iliyonyanyuka.

Nukta nundu hazina hiari ya ukubwa. Kila herufi hukaa ndani ya seli, yaani kikundi cha nafasi sita za nukta. Kipenyo cha nukta kwenye kitako ni milimita 1.5 hadi 1.6, kimo 0.6 hadi 0.9, kutoka nukta hadi nukta ndani ya seli moja 2.3 hadi 2.5, kutoka seli hadi seli inayofuata 6.1 hadi 7.6, kutoka mstari hadi mstari 10.0 hadi 10.2. Kichwa cha nukta kiwe mviringo kama kuba. Vipimo hivi vimefungwa na ukubwa wa ncha ya kidole cha binadamu, ndiyo maana kosa baya kuliko yote hufanyika kwenye kompyuta: mbunifu anashika kona ya mchoro mzima na kuukuza ili ujaze kibao. Herufi za wino zinabaki kusomeka. Seli za nukta nundu zinavuka upana wa kidole na kuwa vitone visivyo na maana. Tabaka la nukta nundu lifungwe, lisiguswe baada ya kuwekwa.

Kosa la pili ni la lugha. Programu nyingi za kugeuza maandishi kuwa nukta nundu huja zimewekwa kwenye Kiingereza chenye vifupisho. Andika humo "ofisi", na herufi mbili za mwanzo zinageuzwa kuwa seli moja ya neno la Kiingereza "of". Andika "mhandisi", na katikati yake inaingia seli ya "and". Msomaji aliyesoma Kiingereza atakisia. Asiyesoma atabaki hapo. Kwa kibao cha neno moja au mawili, zima vifupisho, andika herufi kwa herufi, tena kwa herufi ndogo, kwa sababu ukiingiza MAPOKEZI kwa herufi kubwa programu itaongeza alama za herufi kubwa zisizohitajika. Namba itanguliwe na alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6. Bila alama hiyo chumba 12 kinasomeka "ab".

Kabla ya kuagiza vibao mia, chapisha kimoja na umpe msomaji halisi wa nukta nundu akisome. Mtu mwenye macho aliyefungwa kitambaa hawezi kukuambia lolote la maana. Chama cha Wasioona Tanzania au chama cha wasioona cha nchi yako kitakuelekeza kwa wasomaji, na mpe huyo msomaji malipo kama unavyomlipa mhakiki yeyote.

Karakana inavyofanya, na inapokosea

Njia inayowezekana katika karakana yenye mashine ya CNC, yaani ya kukata na kutoboa inayoongozwa na kompyuta, ni hii. Bamba la akriliki, aina ya plastiki ngumu, lenye uso usiong'aa ndilo kitako. Herufi hukatwa kwenye karatasi nyembamba ya akriliki, isiyopungua milimita 0.8, ukitumia ya milimita 1 unabaki na akiba. Kwa nukta, mashine hutoboa vitundu, na kila kitundu hupokea kijitufe cha kipenyo cha milimita 1.6 kinachosukumwa kwa kubana. Kitundu kiwe chembamba kidogo kuliko kijitufe, na kina chake kiache nusu ya kijitufe juu, yaani milimita 0.8. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka cha nyenzo ileile, kwa sababu kitundu kikilegea vijitufe huanza kudondoka, na neno lililopoteza nukta moja linakuwa neno jingine.

Leza inayokwangua uso na kuacha nukta zimesimama hutoa vichwa bapa vyenye ukingo mkali. Zinaonekana sawa kwenye picha na zinachosha kidole. Mashine ya kuchapa kwa wino wa UV, unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, inaweza kupandisha nukta kwa matabaka, lakini wino usipokauka vizuri hubanduka kwa ukucha, kwa hiyo kwaruza sampuli kabla ya kukubali kazi. Maandishi yaliyochimbwa ndani hayahesabiki, maana kidole kinatafuta mwinuko. Na kuna vibao ambavyo nukta zake zimechapwa tu kwa wino, bapa kabisa, au zimewekwa nyuma ya kioo. Hivyo ni picha za nukta nundu.

Bango la orodha pale mlangoni

Sheria ya Marekani inaliacha bango la orodha ya wapangaji nje ya masharti ya herufi za kunyanyuka na nukta nundu, na sababu ni ya kiutendaji: majina hubadilika, na hakuna anayeweza kusimama na mkoba begani akipapasa mistari arobaini kwenye ukuta wima. Kulijaza bango nukta nundu ni gharama isiyomfikisha mtu popote. Fedha hiyo iende kwenye meza ya mapokezi iliyonyooka na mlango mkuu, vigae vyenye michirizi ya kufuatwa kwa fimbo nyeupe kutoka mlangoni hadi kwenye meza, na mhudumu aliyefundishwa kutaja ghorofa, namba ya chumba na upande, badala ya kunyoosha kidole na kusema "pale".

Lakini kwa mwenye uoni hafifu, mzee, na aliye kwenye kiti cha magurudumu, bango linafanya kazi kubwa, na hapa hesabu ni muhimu. Kwa maandishi yanayosomwa kutoka chini ya milimita 1830, herufi kubwa ziwe na kimo cha angalau milimita 16. Hicho ni kima cha chini, tumia 20. Mstari hadi mstari uwe mara moja na nusu ya kimo, yaani milimita 30. Wapangaji arobaini katika safu moja watachukua milimita 1200, kwa hiyo wa mwisho watakuwa magotini au wa kwanza watakuwa juu ya vichwa. Wagawe safu mbili za ishirini: kila moja inachukua milimita 600, na bango lote linakaa kati ya milimita 1050 na 1650. Kwa upana, kila herufi kadiria milimita 13. "Idara ya Rasilimali Watu na Utawala" ni nafasi 35, yaani karibu milimita 455. Bango lenye safu mbili pamoja na namba za ghorofa linahitaji takriban mita 1.2. Wapangaji wakiambiwa hivi huanza kudai herufi zipunguzwe ili nembo zao zienee. Nembo ndizo ziondoke.

Panga kwa jina, usipange kwa ghorofa. Mgeni anajua anamtafuta nani. Ghorofa ndiyo anayouliza. Alfabeti ya Kiswahili ina mtego wake hapa: karibu kila kitu kinaanza na Idara, Ofisi, Kitengo au Kampuni, na orodha yote inarundikana kwenye herufi tatu. Tanguliza neno linalobeba maana: "Rasilimali Watu, Idara ya". Namba ya ghorofa iwe kushoto, ikigusana na jina. Ikisukumwa ukingo wa kulia, na weupe wa sentimita thelathini katikati, jicho dhaifu linateleza na kusoma ghorofa ya jirani.

Kuhusu rangi, mwongozo wa zamani wa Marekani ulipendekeza tofauti ya asilimia 70: toa kiwango cha kuakisi mwanga cha rangi iliyokoza kutoka kwa ile angavu, gawanya kwa ile angavu. Uso mweupe wenye 85 na buluu yenye 10 unapata asilimia 88. Kijivu cha 45 juu ya nyeupe ya 80 unapata 44. Herufi za chuma cha pua juu ya chuma cha pua, mtindo unaopendwa sana kwenye kumbi za kisasa, haziwezi kufika popote, na granaiti nyeusi iliyosuguliwa inarudisha mlango wa kioo na jua lake lote usoni mwa msomaji. Simama mbele ya ukuta saa nne asubuhi na saa kumi jioni kabla ya kuamua bango litakaa wapi.

Lifti, ghorofa na vinavyoning'inia

Jengo moja linaweza kuwa na G kwenye kitufe cha lifti, "Ghorofa ya Chini" kwenye bango, na 101 kwenye milango ya sakafu hiyohiyo. Tena "ghorofa ya chini" wengine huielewa kuwa ile ya kuegesha magari chini ya ardhi. Amua mfumo mmoja kabla lifti haijaagizwa, kwa sababu vitufe ndivyo vigumu kubadilisha, kisha bango na namba za vyumba vifuate vitufe. Kwenye kila sakafu, namba yake iwe kwenye miimo yote miwili ya mlango wa lifti, kwa herufi za kunyanyuka zisizopungua milimita 51 pamoja na nukta nundu. Lifti ilie mara moja ikipanda, mara mbili ikishuka, au itamke.

Vibao vinavyoning'inia korido viache milimita 2030 chini yake. Kilichobanwa ukutani kati ya milimita 685 na 2030 kisichomoze zaidi ya milimita 100, maana fimbo nyeupe inapita chini yake na paji la uso ndilo linalokigundua. Na maandishi yaliyo juu lazima yakue: kwenye kibao kilicho kati ya mita 1.78 na 3.05, kimo huanza milimita 51 hadi umbali wa milimita 4570, kisha ongeza 3.2 kwa kila milimita 305. Korido ya kusomwa kutoka mita 10 inadai herufi za milimita 108 hivi. Mshale wa njia isiyo na ngazi uwekwe pale njia zinapogawanyika. Kumwambia mwenye kiti cha magurudumu kwenye ngazi kwamba mteremko uko upande wa pili wa jengo ni kumrudisha mita zote alizokuja.

Kubandika na kutunza

Tepu ya pande mbili hushika rangi ya maji vizuri, kisha rangi inaachia plasta na kibao kinaanguka nayo. Tumia skrubu na plagi, vichwa vyake vikizama usawa wa kibao na vikikaa mbali na nukta nundu, kwa sababu kichwa cha skrubu karibu na seli husomeka kama nukta ya ziada. Kingo zipigwe msasa. Msafishaji apewe kitambaa na sabuni ya kawaida. Sufu ya chuma inakula vichwa vya nukta.

Rangi ya jengo ikirudiwa, vibao hung'olewa vyote na kurudishwa na mtu asiyesoma nukta nundu, na wino ukiwa umefutika kidogo, chumba 14 kinarudi kwenye mlango wa 41. Nyuma ya kila kibao andika mahali pake kwa kalamu isiyofutika, ghorofa, namba na upande wa kitasa, pamoja na mshale wa kuonyesha juu ni wapi.